Siku Tuliyokwenda Duka la Dawa Kumchukua Mwenza Wangu

Naona aibu kuanza, lakini wanawake wa kigango chetu cha kanisa wameshaisimulia habari hii kwa namna yao, na wengine wameongeza hata ngumi ambazo hazikupigwa, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe: mimi, mjane, mtu mzima mwenye wajukuu, niliwatoa watu Gorong'a mpaka Tarime mjini, tena na kuku mkononi, kwenda kumchukua mke mwenzangu ambaye hakuwahi kuwepo.

Marehemu mume wangu, Chacha, alikuwa dereva wa serikali mpaka alipostaafu. Mambo ya kadi na maofisi aliyashika yeye yote, maana mimi niliishia darasa la nne (na hilo la nne lenyewe nilikuwa nalihudhuria ng'ombe wakiniruhusu). Nina presha ya mwili na nina presha ya macho, ile inayokula kuona kwako polepole bila kuuma, na daktari alishaniambia nisipotia matone kila siku iko siku nitawatambua watu kwa sauti tu. Basi kila mwezi Chacha alikuwa anapanda pikipiki asubuhi, jioni anarudi na vidonge vya presha na kichupa cha matone, ananilaza kichwa nyuma ananitilia mwenyewe kwa sababu mkono wangu unatetemeka, na sikuwahi kumuuliza anavipataje. Mume akileta nyama nyumbani unamuuliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani?

Akafa. Ya msibani sitayasema, hayana kicheko. Nilinyolewa, nikakaa ndani kama wajane wa kwetu tunavyokaa, na nilipotoka nje kichupa kilikuwa kimekauka.

Nikachukua kadi zetu mbili kabatini nikaenda hospitali. Muuguzi wa dirishani akanieleza vizuri kabisa, wala simlaumu. "Mama, vidonge vya presha bima ya serikali inalipa, chukua hapa hapa. Haya matone bima hailipi. Ila mzee alikuwa kwenye mfuko wa dawa wa wastaafu, na mfuko ndio unajazia pale bima inapoishia. Nakugongea muhuri kuonesha huku umeyakosa, halafu unaenda duka lao. Unapita serikali kwanza, ndipo mfuko. Ukigeuza, hupati kitu." Hilo nililielewa. Hata nikajisifu njiani kwamba kumbe mambo yenyewe si magumu.

Duka la mfuko lina mabenchi mawili, na siku hiyo yalikuwa yamejaa wastaafu, wengi walimu, watu wanaosoma gazeti bila kusogeza midomo. Nikafika dirishani, dada akanisalimia shikamoo, akachukua kadi na cheti changu cha dawa, akaangalia kompyuta, akanipa pole.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akasema. "Mwanachama amefariki, lakini dawa zinaendelea kutoka kwa mwenza."

"Mwenza?"

"Ndiyo. Mwenza yumo humu. Anachukua matone haya haya kila mwezi. Mara ya mwisho mzee ndiye alikuja kumchukulia."

Jamani, kwetu mwenza ni mtu mmoja tu: mwanamke mnayegawana naye mume. Hakuna mwenza mwingine. Hapo ndipo ningeuliza, "Binti, mwenza ndiyo nani?" na habari ingeishia hapo, lakini nyuma yangu walikuwa wale walimu, nikaogopa kuonekana mjinga. Nikauliza swali lisilo lenyewe.

"Kwa hiyo hiki kichupa ni cha mwenza?"

"Ni cha mwenza, mama. Chukua."

"Siwezi kuchukua kitu cha mtu."

"Mama, chukua tu. Mwenza ndiye mwenye haki."

"Ndicho ninachosema. Mwenye haki aje mwenyewe."

Nikaondoka. Kichupa nikakiacha kwenye kaunta. Mama mmoja kwenye benchi (anaishi huko Sirari, nilimjua kwa lafudhi, na kumbe alijua Chacha alikuwa dereva) akanishika mkono nikipita, akaninong'oneza, "Woi, pole mamaa. Madereva ni hivyo, kila stendi wana kwao." Nikamshukuru. Fikirini, nilimshukuru!

Njiani kurudi sikulia kwa sababu ya mke wa pili. Wake wa pili wapo, si jambo geni kwetu. Kilichoniuma ni macho. Yaani hata ugonjwa tunaumwa sawa! Nikaona Chacha akimlaza mtu kichwa nyuma, akimwambia "usifumbe, usifumbe," kama alivyokuwa ananiambia mimi.

Nikamweleza shemeji yangu Marwa, mdogo wake Chacha. Nilitegemea atanicheka anifukuze. Badala yake akavuta kigoda akakaa.

"Mbalibali," akasema.

"Mbalibali kuna nini?"

"Aliendesha gari kule Serengeti miaka mingi. Na maziwa ya kule alikuwa anayasifu sana. Shemeji, mtu hasifii maziwa bure."

Wifi yangu Nyangi akaingia, akasikia, akakaa chini kabisa. Yeye hakuwa na shaka hata kidogo, maana imesema kompyuta, na kompyuta haina ukoo ambao itautetea. Shida yake ilikuwa nyingine: "Kama yupo, basi hakuzika. Hakunyolewa. Msiba wa kaka yangu uko wazi mpaka sasa na sisi tunakula ugali kama watu waliomaliza." Hapo na mimi nikaona ana haki. Nikasema atafutwe, apokelewe, na matone yake apewe. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote, Mungu anajua, ingawa kila nikiitazama taa nilikuwa nimeanza kuona imezungukwa na duara la rangi, na nilijua maana yake.

Basi tukaenda mjini: mimi, Marwa aliyevaa koti la harusi yake, na Nyangi mwenye kuku wa kumpokelea mgeni na wembe mpya kwenye mkoba. Wastaafu walikuwa wamejaa vile vile. Marwa hakupanga foleni. Akaenda mpaka dirishani akakohoa kama mtu anayefungua kikao.

"Binti, sisi ni ukoo wa marehemu Chacha. Tumekuja kumchukua mwenza."

"Kumchukua?" dada akauliza.

"Hatuna ugomvi naye. Tupe jina tu na mahali alipo. Tuna kuku."

Nyangi akamwinua kuku aonekane. Dada akamtazama kuku, akatazama kompyuta, nadhani aliona njia fupi ya kutuondoa ni kujibu. Akasoma kwa sauti: "Mwenza, Perpetua."

Marwa akapiga kaunta. "Perpetua! Umesikia, Nyangi? Huyo ni wa Mbalibali, si wa huku kabisa!"

"Jina lenyewe tu," akasema Nyangi, "halijawahi kushika jembe."

"Tutampata! Perpetua hawezi kujificha, jina refu kama hilo!"

Benchi zima likaanza kusaidia, huyu anamjua Perpetua mmoja wa Mugumu anayeuza vitenge, mwingine anasema huyo ni mwembamba, hawezi kuwa yeye. Na mimi nimesimama nyuma ya koti la Marwa, jasho linanishuka kwenye kichwa kisicho na nywele, kwa sababu mtu pekee katika ukoo ule aliyebatizwa kwa jina la Perpetua ni mimi. Lilitumika siku ya maji na siku ya ndoa. Kote kwingine mimi ni Wankuru, na hata mimi nilikuwa nimeshalisahau.

Ningeweza kunyamaza, tukaenda zetu Mbalibali kutafuta mtu. Nawaambia ukweli, niliwaza hivyo kwa muda wa kumeza mate. Lakini Nyangi alikuwa ameshaanza kumtukana Perpetua na mama yake, na mama yangu ni marehemu.

"Shemeji," nikasema. "Perpetua ni mimi."

"Wewe ni Wankuru."

"Wankuru wa nyumbani. Perpetua wa kanisani."

"Tangu lini?"

"Tangu padri aliponimwagia maji."

Ndipo dada akaelewa, masikini, akaweka mkono mdomoni. "Mama, mwenza ni mke wa mwanachama. Au mume. Yule anayeishi naye. Ni wewe, mama. Ni wewe siku zote."

Nyangi akanigeukia taratibu, wembe uko mkobani. "Kwa hiyo tumekuja kukunyoa wewe tena?"

Mzee mmoja mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama huyu amejionea wivu mwenyewe!" akasema, na yule wa Sirari, kumbe naye alikuwepo tena, akacheka kuliko wote, yeye aliyenipa pole ya madereva. Kuku naye akaponyoka akaingia nyuma ya kaunta kwenye maboksi ya dawa, na Marwa, na koti lake la harusi, ikabidi apige magoti kumtoa.

Wakati wanahangaika na kuku, dada akatoa kichupa changu. Hakuwa amekirudisha kwenye rafu. Akasema, "Mzee kila mwezi alikuwa anakuja hapa dirishani anasema, 'Nimekuja kwa ajili ya Perpetua.' Sisi tulijua ndivyo anavyokuita."

Hakuniita hivyo hata siku moja. Nyumbani nilikuwa Wankuru, nikichelewa na ugali ni "wewe mwanamke."

Nikamwomba dada anitilie pale pale, maana mkono wangu. Akanilaza kichwa nyuma mbele ya watu wote. Maji yakatoka mengi, mama wa Sirari akasema dawa hii ni kali kweli, nikamjibu ndiyo, ni kali. Haikuwa dawa yote.

Tangu siku hiyo nimeapa: neno la dirishani nisilolielewa naliuliza hapo hapo, hata foleni inune, hata walimu wageuke wote wanitazame, kwa maana kuonekana mjinga mbele ya benchi moja ni nafuu kuliko kuonekana mjinga ukiwa na ukoo na kuku. Matone nachukua mwenyewe sasa, napita serikali kwanza, ndipo mfuko. Na wifi yangu Nyangi mpaka leo ananiita Mwenza, hata mbele ya padri, na mimi naitika, kwa sababu si uongo.