Mteremko wa Maji ya Paje

Bi Ruqaya wa Mkunazini alikuwa mtu wa kushuku. Mtu akimwamkia mara mbili kwa siku moja, hujiuliza anataka nini. Muuza samaki akimkatia mnofu mzuri, yeye huugeuza akaunusa upande wa pili. Mumewe, Hashil, alishazoea. Akirudi nyumbani hujieleza alikokuwa kabla hajaulizwa.

Ofisi ya maji alikaa miaka kumi na minane akipiga taipu. Mwaka 2003 taipu ziliondolewa, zikaletwa kompyuta mbili, na wafanyakazi wakapewa mafunzo ya wiki mbili. Bi Ruqaya aliandika kila alilolisema mwalimu, hata mizaha yake.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya visima. Kila kisima cha ofisi huko shamba kilikuwa na mpimaji wake, ambaye huteremsha kamba yenye alama, akasoma kina cha maji, akakiandika kwenye kikaratasi na kukituma mjini kwa dereva wa ofisi. Bi Ruqaya aliviingiza vikaratasi hivyo katika jedwali, tarehe upande mmoja, sentimita upande wa pili, kisha akaiambia kompyuta ichore mstari.

Visima vingine mistari yao ilipanda na kushuka kwa utulivu. Wa Paje ulishuka kidogo kidogo mwanzoni mwa mwaka, ukapanda na masika, kisha ghafla ukaporomoka. Maji yalikuwa sentimita mia mbili thelathini na mbili. Nukta iliyofuatia, mia moja sabini na moja.

Alikwenda nao kwa Bwana Amjad, mkuu wa sehemu yao.

"Nani mpimaji wa Paje?" Bwana Amjad aliuliza, ingawa alimjua.

"Mzee Simai."

"Basi kuna watu anawafungulia kisima. Si unaona mwenyewe? Maji hayaondoki hivi bila ya mkono wa mtu."

Bi Ruqaya aliona, na akaafiki. Akaipiga mwenyewe barua ya kumsimamisha kazi Mzee Simai.

Lakini siku tatu baadaye jambo moja lilimkereketa. Bwana Amjad hakuwa na kawaida ya kuamua jambo kwa dakika tano; barua ya kuomba feni ilikaa mezani kwake mwaka mzima. Kwa nini hili alikuwa na haraka nalo? Akaitoa grafu, akachukua rula, akaanza kupima nukta kwa nukta.

Kwenye karatasi, kutoka nukta hadi nukta kwa upana ilikuwa sentimita moja. Kila mahali, sentimita moja. Akatazama tarehe. Kutoka tarehe kumi na moja mwezi wa kwanza hadi kumi na mbili, siku moja tu, sentimita moja. Kutoka tarehe nne mwezi wa saba hadi ishirini na sita mwezi wa tisa, wiki kumi na mbili, pia sentimita moja.

"Ala!" alisema peke yake.

Alikuwa ameziandika tarehe kama alivyoziandika Mzee Simai: "tarehe 11 mwezi wa kwanza". Kompyuta haikuzijua kuwa ni tarehe. Iliziona ni maneno tu, ikayapanga kwa nafasi sawasawa kama mtu anavyopanga vikombe. Akaziandika upya zote kwa namba, akachagua grafu ya nukta inayoheshimu umbali wa siku, akabonyeza.

Lile poromoko likalala, likawa mteremko mrefu wa polepole, sentimita tano kwa wiki, kama inavyokuwa kila kiangazi. Ila kule mwanzoni mwa mwaka, palipokuwa na mteremko mdogo usiomshtua mtu, mstari sasa ulisimama wima. Sentimita thelathini zilikuwa zimekwenda kwa siku nne.

Hakumwambia mtu. Aliomba lifti ya gari la ofisi lililokuwa likipeleka mabomba Paje, akasema anakwenda kumtazama jamaa yake.

Alimkuta Mzee Simai nje ya nyumba yake, anafunga kamba za mwani.

"Shikamoo, Mzee Simai."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Mimi Ruqaya wa ofisini. Grafu nilichora mimi."

Mzee akaendelea kufunga fundo lake. "Basi umekuja kuchora nini tena?"

"Nnataka kujua kwa nini mwezi wa kwanza ulipima kila siku, na mwezi wa saba ukanyamaza."

"Mwezi wa saba nilikuwa kitandani, mguu umevimba. Nilituma habari kwa dereva wenu. Mwezi wa kwanza..." Akaiweka kamba chini. "Mwezi wa kwanza lilikuja boza, lori la tangi. Siku nne mfululizo, linajaza maji ya kujengea hoteli. Nilishuku, nikawa napima kila asubuhi. Nikamuuliza dereva wa boza ruhusa kapewa na nani, akanipa karatasi."

"Unayo?"

"Nnayo. Lakini haitoki mkononi mwangu."

Akaileta, akaishika ncha mbili huku Bi Ruqaya akiisoma. Sahihi ya chini ilikuwa ya Bwana Amjad. Bi Ruqaya aliitambua mara moja. Barua zinazotiwa sahihi hiyo alizipiga yeye miaka mingi. Akanakili tarehe na namba ya karatasi, na njia nzima ya kurudi mjini alimficha dereva wa ofisi alichokiona; habari ya mguu wa Mzee Simai haikufika, na hata yeye hakumwamini tena.

Kesho yake alipanda ghorofa ya juu kwa mkurugenzi na grafu mbili, ya kwanza na ya pili, na rula, na namba ya ile karatasi. Alieleza kosa lake mwenyewe kwanza. Mkurugenzi alipima kwa mkono wake, akauliza maswali mawili, akamwambia, "Haya, nenda kazini kwako." Kwa wiki tatu Bi Ruqaya alikuwa na hakika kwamba atakayefukuzwa ni yeye. Kila Bwana Amjad alipompitia na kumtabasamia, alijiuliza keshajua kiasi gani.

Wiki ya nne Bwana Amjad alihamishwa. Sababu haikutajwa. Mzee Simai akaitwa kazini.

Bi Ruqaya alikwenda tena Paje, safari hii kwa kusudi la kuomba radhi, na akaiomba kama inavyoombwa, kichwa chini.

"Nshakusamehe," Mzee Simai alisema. "Ila namba zangu hazipiti tena kwa dereva. Utakuja kuzichukua mwenyewe, na utatia sahihi kwenye daftari langu."

"Huniamini?"

"Bado."

Bi Ruqaya hakuudhika. Alilifungua daftari, akasoma kila mstari kuanzia juu ili ajue anatilia sahihi kitu gani, kisha akaomba kalamu.