Nguzo za Bweni la Korogwe

Nilipotumwa Korogwe kusimamia ujenzi wa bweni la ghorofa tatu, nchi ilikuwa bado changa, na mimi kijana niliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Huko nilikosoma ardhi hutetemeka. Niliwahi kuiona shule ya ghorofa baada ya tetemeko: sakafu zimelaliana kama mikeka, nguzo zimepasuka shingoni. Nilirudi nyumbani na picha hiyo kichwani, na sikuwa na wa kumsimulia.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kizigua kutoka Handeni, mtu wa swala na maneno machache. Mwanzoni alinikaribisha kwake kila Ijumaa, tukala ugali kwa kisamvu. Mambo yaliharibika tulipofika kwenye nguzo. Niliagiza ringi, zile nondo nyembamba zinazofungwa kuzunguka nondo kubwa, zibanane sana juu na chini ya kila nguzo, pale inapokutana na boriti. Nikamweleza kwamba jengo likitikiswa huanza kufa kwenye maungio, na kwamba nguzo lazima iishinde boriti kwa nguvu, ili boriti ichoke kwanza na watu wapate kutoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ndugu zake, waliohamishiwa kijiji kipya upande wa Kabuku, walikuwa wakingoja nondo za zahanati, na hazipatikani.

"Hapa ardhi haijaua mtu, bwana injinia," alisema. "Kukosa dawa kumeua."

Nilisema tu kwamba wanafunzi watalala humo, na ringi zitabaki. Katibu wa chama naye alikuja, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa najenga bweni au ngome. Mafundi walifunga kila ringi nilivyotaka, bila nyimbo walizozoea kuimba. Mwaliko wa Ijumaa ukakoma. Nikawa nakula mgahawani karibu na stesheni, nimeukabili ukuta, nikisikia watu wakitaniana kwa Kishambaa nisichokijua.

Wanafunzi walikuwa wameshahamia siku ardhi ilipotikisika mchana. Halikuwa tetemeko kubwa. Mabati yalilia, mbwa wakabweka, likaisha. Hata nyumba za udongo zilisalimika, kwa hiyo halikuthibitisha lolote. Lakini wanafunzi walikimbilia nje na magodoro yao, wakakataa kurudi. Nilikagua kila ungio, nisione ufa. Nikawaambia, hawakusadiki. Basi nikapanda ghorofa ya juu, nikaketi kwenye baraza ambapo wangeniona, peke yangu.

Nilikaa sana. Hakuna aliyepanda. Jua lilipoanza kupungua ukali nikasikia hatua kwenye ngazi. Alikuwa fundi mkuu, ameshika birika la chai na vikombe viwili. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi kando yangu.

"Bado nasema nondo ulizidisha," alisema, akimimina.

Nikamwuliza habari za zahanati. Akasema waliijenga kwa miti na udongo, na mganga bado hajaletwa. Tukanywa chai. Chini, wanafunzi wawili watatu walianza kujitwika magodoro kurudi ndani.

Muda si mrefu nilihamishwa. Fundi alikuja stesheni kuniaga, tukazungumza juu ya mvua mpaka treni ikaingia.