Makasha ya Mtu Mmoja

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Sista, jina alilolitoa wodini, aliandika maneno matano ya lugha ya ugenini kwenye kalenda ya jikoni, akawa anayasema kwa sauti huku anampigia mumewe pasi shati. Mume, ofisa wa mambo ya nje aliyekuwa akingoja kupelekwa ubalozini kwa mara ya tatu, alimsikiliza akitabasamu ndani ya kikombe. Kalenda ilishajaa miezi minane.

"Wifi," dada wa mume alimtania, "hujafika, umeshaanza kugombana na wauza nyanya wa huko."

"Waambie wajiandae. Safari hii sipunjwi."

Uchungu wa kule aliujua, na utamu wake pia. Kituo cha kwanza alikuwa akijifungia bafuni kulia, bomba kalifungulia asisikike. Hata mama yake alizikwa yeye hayupo. Hayo alimwambia mumewe peke yake, kitandani. Kituo cha pili alimzalisha jirani kwenye ngazi za ghorofa, na tangu siku ile jengo zima likamwita dada. Alipima, akaona utamu umezidi. Mwezi uliopita akaacha kazi ya uuguzi.

Jumatano alikuja fundi wa kufunga mizigo. Akapima kabati la bwana, la bibi akalipita.

"Na hili?"

"Mimi nimeambiwa makasha ya mtu mmoja, mama. Fomu hii hapa."

Mwandiko ulikuwa wa mumewe. *Mke anabaki. Hawezi upweke wa ugenini. Alikuwa akijifungia bafuni kulia.* Tarehe ya fomu ilitangulia neno la kwanza la kalenda.

Mume aliporudi mchana, alimkuta anapiga pasi, fomu iko mezani.

"Nilikuonea huruma," akasema. "Si wewe mwenyewe ulisema?"

"Nilisema na wewe. Sikusema na faili."

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

"Siku naandika barua ya kuacha kazi ulikuwepo. Kalamu ulinisogezea wewe."

Fundi akajifanya anahesabu misumari. Sista alichomoa waya wa pasi, akavaa viatu vyake vyeupe vya wodini, akachukua mkoba, akatoka.

Mume alidhani kaenda kupunga upepo. Shati lilikuwa limenyooka mkono mmoja. Wa pili mume alikuja kuunyoosha mwenyewe.