Maharage Yaliyochelewa Gishubi

Sifa ni zako, Mungu uliyeturudisha nyumbani. Juzi huko Muyinga, mjukuu wangu alinieleza somo lake: kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla hayajawa moto sana, ndiyo maana maharage huchelewa kuiva.

Nilikumbuka alasiri yangu ya kwanza Gishubi, kule milimani, mimi na baba tuliporudi kwa bibi kutoka ukimbizini nilikozaliwa. Mama alikuwa amebaki Kigoma, mgonjwa. Chungu cha maharage kilitokota, moshi wa mikaratusi ukiniwasha macho. Kule chini Kigoma, karibu na ziwa, maharage yangekuwa yameshaiva.

“Bibi, bado?”

“Bado. Huyu Mtanzania tumbo lake lina haraka!”

Niliamini bibi anamngojea mama, kwa kuwa kwetu hatukupakua kabla mama hajaketi. Sikuuliza tena. Nilikaa mlangoni nikitazama njia, nikifurahi kila bibi alipoongeza maji, maana mama alipata muda zaidi wa kufika.

Jioni bibi akaonja, akaepua chungu. Nikalia, nikakataa kula, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mama hakufika kamwe. Wewe unayesoma, Mungu akujalie unayemngoja afike chungu kikiwa bado motoni.