Mtoto wa Singo

Juzi, katika duka moja la Tooting, huku ughaibuni, mwenye duka alinifungulia pakiti ya manjano ninuse kama bado yana nguvu, na kabla sijamjibu nikajikuta nimo tena chumbani kwa mama yangu, kule Neasden. Manjano, liwa ya msandali na marashi, na nyuma yake harufu ya nguo zinazokaukia juu ya hita. Mwenye duka aliniuliza tena kama nachukua au sichukui. Nilichukua.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka saba. Mama alikwenda hospitali na tumbo, akarudi bila tumbo na bila mtoto. Baba alinikalisha kwenye kochi akaniambia mdogo wako amekwenda mbele ya haki. Nikasema haya, nikaendelea kutazama katuni. Msinione mtoto mbaya. Sikuhisi kitu, na nilipojaribu kulia nikaona nausumbua uso wangu bure.

Mama alilala ameuelekea ukuta. Ukimpa uji alisema ahsante, ukimuuliza hali alisema sijambo, na baada ya hapo hana neno. Nilichokitaka mimi ni kimoja tu: anigombeze. Nilimwaga sharubati kwenye zulia makusudi, nikavaa viatu kitandani. Aliniangalia tu, kama anavyoangaliwa mtoto wa jirani.

Kwetu Unguja mzazi, aliyetoka kujifungua, hulelewa siku zake arubaini, hata aliyerudi mikono mitupu. Anakandwa kwa maji ya moto, anasingwa mwili mzima, anapikiwa vitu vya pilipili manga. Lakini bibi na mashangazi wote walikuwa Unguja. Ndipo akapanda Bi Kanta wa ghorofa ya chini, Mhindi aliyezaliwa Mji Mkongwe akauhama akiwa msichana, ambaye Jumapili zake zilikuwa za kupika hekaluni. Alikuja na sinia lake la shaba na singo, ule mchanganyiko wa manjano, liwa na marashi, aliyoisaga mwenyewe. Baba alisitasita mlangoni, maana hii ni kazi ya watu wa nyumbani, na Bi Kanta si wa dini yetu.

"Mzazi ni mzazi, baba," alimwambia. "Hebu nipishe."

Alikuja kila jioni. Tumbo hakuligusa, kwa ajili ya mshono, lakini mgongo, mikono na miguu aliipaka ile singo, akaiacha ikauke kidogo, kisha akaisugua mpaka ikadondoka vipande vipande vya rangi ya manjano pamoja na nongo ya mwili. Mimi nilikaa miguuni mwa kitanda. Siku moja, huku anasugua mgongo wa mama, akaanza kusimulia.

Parvati, mke wa mungu wao Shiva, alikuwa peke yake nyumbani. Mume yuko mlimani na ibada zake, harudi. Basi akajisinga kwa manjano, akaikusanya nongo iliyotoka mwilini mwake, akafinyanga mtoto wa kiume, akampulizia pumzi. "Wa mwili wake mwenyewe," alisema Bi Kanta. Akamweka mlangoni amlindie anapokoga. Shiva akarudi, akakuta kijana asiyemjua anamzuia kuingia nyumbani kwake, akamkata kichwa.

Nikauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwa nini hakuuliza kwanza mtoto huyu ni wa nani.

"Wanaume hawaulizi," alisema Bi Kanta, na mkono wake haukusimama. "Basi mama mtu alipotoka akamwona mwanawe chini, hakunyamaza. Alilia, akaghadhibika, akasema ulimwengu wote nitauangamiza mpaka mwanangu arudi. Shiva mwenyewe akaogopa! Akatuma watu wakaleta kichwa cha kiumbe wa kwanza waliyemkuta, ndiye tembo. Kikaungwa, mtoto akaamka. Ndiye Ganesh wetu."

Nilitaka kujua tembo naye alirudishiwa nini, lakini Bi Kanta alijifanya hakusikia.

Sasa msinicheke. Mwili wa mama ulikuwepo, nongo ilikuwepo, na mimi pumzi ninazo. Sinia lilipopelekwa bafuni kuoshwa nilikuwa nachota fungu langu, siku baada ya siku, mpaka nikapata la kutosha. Nilifinyanga mtoto wa ukubwa wa kiganja changu, macho punje mbili za pilipili manga. Kichwa cha tembo nilikiacha, sikuona haja. Nikampulizia mpaka kizunguzungu kikanishika, nikamlaza ndani ya soksi ya baba juu ya hita akauke. Jumamosi mchana nikamweka kwenye mto wa mama, mkabala na uso wake.

Baba aliingia na kikombe cha chai, akamwona.

"Nini hiki? Sanamu? Ndani ya nyumba yangu?" Akanigeukia. "Nani kakufunza?"

Alinyoosha mkono amchukue. Mama akamshika kiganja.

"Mwache." Kisha akaniuliza mimi, "Nani huyu, Zuwena?"

"Mdogo wangu," nikasema. "Katoka kwako."

Mama alimpitishia kidole kwenye kile kichwa kitupu, akakipitisha tena. Alipouliza hakumtazama mtu.

"Baba Zuwena, alikuwa na nywele?"

Baba alisimama na kikombe chake.

"Nyingi," alisema. "Nyeusi. Zimeshuka mpaka hapa." Akajigusa kisogoni.

"Masikio?"

"Yako."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, chai ikamwagika. Mama akauliza vidole, akauliza macho yalifumba yote, akauliza nani alikuwa anamimina maji alipooshwa. Baba alijibu moja moja. Hakuna aliyelia. Mimi nilikuwa nakitazama kifua cha yule mtoto wangu nikingoja kipande na kushuka. Hakikupanda. Nikaona nimeshindwa, nikarudi sebuleni kwenye katuni zangu.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza. Mama alipasuliwa akiwa kalazwa usingizi, kisha homa ikamzuia kuzinduka sawasawa, na yeye na wenzake wa msikitini wakamwosha mtoto, wakamkafini, wakamzika. Aliona anampunguzia mama machungu. Mama hakumwona mwanawe hata mara moja, na hakuuliza, na yeye akashukuru kwamba haulizwi.

Bi Kanta alijua anachokifanya. Mimi siku zote alinisemesha kwa Kiingereza. Hadithi ile aliisimulia kwa Kiswahili, juu ya mgongo wa mama, na haikuwa yangu, ilikuwa ya kumliza mama. Ilinichukua miaka mingi zaidi kuona mahali ilipopungua. Parvati aliweza kuutikisa ulimwengu kwa sababu aliijua sura anayoililia. Mama yangu alikuwa hajapewa hata sura.