Koti Moja la Mtaa Mzima

Nimerudi Unguja kumzika mama, na ndani ya sanduku lake la nguo nimeikuta ile picha ya baba. Nimeitia mfukoni, nikatembea vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka penye duka la mpiga picha. Siku hizi panauzwa vinyago. Mlango ni ule ule, lakini harufu ya dawa zake za kusafishia picha, kali kama siki, haipo tena.

Kama ulikulia mitaa ile, utalikumbuka koti lake. Jeusi, lilining'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, na kila mwanamume aliyetaka picha ya heshima alilivaa hilo hilo. Jirani yetu kila akipita alitia kelele, "Mtaa mzima tumeoa kwa koti moja!" Baba naye alipigwa picha ya harusi amelivaa.

Enzi zake mpiga picha yule hakukaa dukani. Aliitwa majumbani kupiga picha vyumba vya mabibi harusi: kitanda cha samadari, vioo, sahani za ukutani. Washoni nao walimwita wakishatoa mtindo mpya wa gauni. Kwa wanawake alipanga taa na kamera, kisha akatoka akasimama ukumbini, na mkewe ndiye aliyebonyeza. Yeye alikohoa tu nje ya mlango, kuuliza kama tayari.

Kisha yakaja Mapinduzi. Nilikuwa na miaka minane. Watu walikuja asubuhi kumchukua baba, akaiacha chai yake ikifuka moshi. Hakurudi. Mama, kwa hofu ya kupekuliwa, alizitia picha zetu zote kwenye seredani ya makaa. Ya harusi ilikuwa ya mwisho, ikajikunja kama jani kavu.

Eda hakukaa. Wanawake walimsihi, akawajibu neno moja miaka yote: "Nionesheni kaburi, ntakaa."

Nilipotimiza kumi na sita alinishika mkono tukaenda kwa mpiga picha. Wenye majumba makubwa walikuwa wamehama, harusi za fahari zimekwisha, na kazi iliyombakia ni vipicha vya vitambulisho. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Kaka," mama alisema, "nataka picha ya mume wangu. Najua filamu zako hutupi."

"Sikuzitupa, dada. Nshaziosha. Maji moto na magadi, mpaka sura zote zikafutika. Niliogopa, kama ulivyoogopa wewe."

Mama akakaa kwenye kiti cha wateja. Mpiga picha akanitazama sana, kisha akaenda nyuma ya pazia, akatoka na koti.

"Mvishe huyu."

Koti lilinimeza. Alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, akanivika kofia, akanipiga picha. Wiki iliyofuata tulirudi. Picha ilikuwa mezani, na yeye ameshika penseli iliyochongwa kama sindano, akiuliza na kuchora sura ya baba juu ya yangu.

"Masharubu?"

"Membamba. Yasiguse mdomo."

"Macho?"

"Yatie uchovu kidogo."

"Masikio?"

Mama akanitazama mimi, akautazama ukuta. Penseli ilingoja. Hapo ndipo alipolia, yeye ambaye kwa miaka minane sikumwona akilia.

"Yaache kama yalivyo," alisema.

Jioni ile alivua bangili, akavaa nguo nyeupe, akaingia ndani kukaa eda. Mke wa jirani alipomuuliza nani kamletea habari, mama alimjibu, "Hakuna aliyeniletea. Nimeyasahau masikio yake. Angekuwa hai nisingeyasahau."

Mimi baada ya hapo sikutulia popote. Tanga, Mombasa, Maskati, kila mahali miaka miwili mitatu. Mpiga picha alikufa nikiwa mbali. Koti sijui lilimalizwa na nondo au liligeuzwa tambara la kupigia deki. Zile sahani za ukutani ziliuzwa mojamoja. Waliovaa koti lile, wengi hakuna ajuaye walikozikwa, na sura zao zilitoka pamoja na yale maji ya magadi.

Jana, baada ya hitima, jirani yule wa mzaha wa koti, sasa hana jino hata moja, aliiomba picha. Akaisogeza karibu na macho, akanitazama, akaitazama tena.

"Babako huyu hasa," alisema. "Allah amrehemu. Mmefanana mpaka masikio."

"Naam," nikamwitikia.