Msichana Aliyeandikwa Kwenye Hema

Nakumbuka Jumamosi moja kule Houston, mwanangu, nilipomwaibisha bibi wa watu mbele ya wajukuu zake. Sikuwa kijana kwa miaka, hamsini nilikuwa nimeshaivuka, lakini kuna ujana unaokaa ulimini, na ulimi hauna mfupa.

Mpwa wangu Emanueli, anayefanya kazi ofisini Plano, alikuwa amepata mchumba, binti Mmarekani mweusi aitwaye Renee. Dada yangu Yustina, mama yake Emanueli, akanichagua niwe mshenga. Nawe unajua mshenga wa kwetu hapeleki barua tu, huulizia na ukoo: hawa ni nani, wametoka wapi. Basi tulipokwenda kujitambulisha, nikauliza. Kumbe kwa watu ambao mababu zao waliuzwa, swali hilo si jepesi. Bibi yake Renee, Mama Odessa, mwenye miaka themanini na kitu, alisema jambo moja tu alilokuwa nalo. Bibi yake yeye, Luvenia, alizaliwa kwa Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, huko Oklahoma, na akiwa mtoto alipelekwa kwenye hema la watu wa serikali waliokuwa wakiorodhesha watu wa kabila hilo, jina lake likaandikwa. "Mimi nimeandikwa," ndivyo Luvenia alivyojisifu mpaka anazikwa.

Aliposikia kwamba nilifanya kazi ya masijala Dodoma miaka mingi, na kwamba naishi Fort Worth ambako kumbukumbu za namna hiyo zimehifadhiwa, akanishika mkono. Akaniomba nimtafutie jina hilo.

Nilijiona mkubwa, sikufichi. Lakini nilipowasimulia wenzangu wa kazi, ghalani kule Fort Worth, walicheka sana. "Texas hii kila mtu hudai bibi yake ni Cherokee!" Maneno yale yakaniingia. Nikaenda kwenye jumba la kumbukumbu nikiwa nimeshaamua. Nikachukua orodha ya waliosajiliwa kuwa Wacherokee wa damu, nikapitisha kidole jina kwa jina, Luvenia hakuwamo. Sikumuuliza mtu kama kuna orodha nyingine. Mimi mtu wa masijala, nimuulize nani?

Siku ya posa watu walijaa sebuleni, mbavu za kuchoma ziko mezani, na Mama Odessa akaniuliza kwa shauku kama nimemwona bibi yake. Nikasimama, nikakohoa kama wakili. Nikasema nimetafuta kwa makini, mtu huyo hakuna, ni hadithi tu ya nyumbani, na asione haya kwani wengi hudanganywa hivyo. Hapo ndipo nilipoharibu. Mama Odessa aliinuka polepole, akaingia chumbani, akafunga mlango, na barua ya posa ikabaki mfukoni mwangu.

Njiani tukirudi, tulipopita Huntsville, dada yangu akanigeukia.

"Nilikutuma ukapose, wewe umekwenda kuhukumu," akasema. "Yule mama hana picha ya bibi yake, hana kaburi analolijua. Alikuwa na neno moja tu, nawe umempokonya nyumbani kwake."

Kesho yake Emanueli akapiga simu. "Mjomba, Renee ame-cancel kila kitu. Hapokei calls zangu. Anasema haolewi na watu wanaomwita bibi yake muongo." Alikuwa anajizuia kulia. Chakula kilinishinda siku mbili, mwanangu. Niliogopa kwamba nimemvunjia mtoto wa dada yangu nyumba kabla haijajengwa.

Nikarudi kwenye lile jumba, safari hii mpole. Nikamweleza mhudumu yote, pamoja na aibu yangu. Akaniuliza kama familia hiyo ni watu weusi. Nikajibu ndiyo. Ndipo akanifundisha jambo nisilowahi kulisikia: baadhi ya Wacherokee nao walimiliki watumwa weusi, na watumwa hao walipoachwa huru, wao na watoto wao waliandikwa kwenye orodha nyingine, yao peke yao. "Wengi huangalia ile ya kwanza wakaenda zao," akasema. Kuuliza si ujinga; ujinga ulikuwa wangu wa kutouliza.

Tulimpata kabla ya saa sita mchana. Luvenia, wa kike, miaka tisa. Palikuwa na jina la mama yake, Chaney, na jina la Mcherokee aliyemmiliki mama huyo. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi begani. Kisha nikaingiwa na woga mwingine, nitampaje bibi wa watu karatasi yenye jina la aliyewamiliki wazee wake?

Nilikwenda Houston peke yangu. Renee alinifungulia mlango, hakunikaribisha kiti. Nikapiga goti mbele ya Mama Odessa. "Mama, nimekosa. Bibi yako alisema kweli. Aliandikwa." Nikampa ile karatasi, nikamweleza ni orodha gani, wala lile jina la mmiliki sikulificha.

Alisoma kwa muda mrefu. "Utumwa niliujua," akasema. "Chaney ndiye sikumjua." Akalia, nami nikalia bila kuona haya. Renee akavuta kiti, akanisogezea.

Kisha Mama Odessa akajifuta macho. "Haya, mshenga. Niulize tena lile swali lako."

Nikamuuliza yeye ni wa nani. Akakaa wima. "Mimi ni Odessa wa Ruthi, wa Luvenia, wa Chaney."

Emanueli na Renee walifunga ndoa mwaka uliofuata, kabla ule ugonjwa haujatufungia sote majumbani, na kila nikiwaona pamoja nashukuru.

Basi, mwanangu, ukitafuta kitu cha mwenzio usikione, sema, "Sijakiona." Usiseme, "Hakipo." Uliza orodha ziko ngapi kabla hujafunga daftari. Ukikosea, rudi upesi, upige goti, maana kosa la mkubwa halitibiwi kwa kukaa kimya. Na ukikipata, mpe mwenyewe chote, kitamu na kichungu, kwa kuwa ni chake. Mungu akujalie masikio mapana kuliko mdomo, akupe ndugu wa kukukemea mapema, na majina ya waliokuzaa yasipotelee mikononi mwako. Amina.